Kabari ya Dirisha la Sebuleni

Wifi yangu alirudi darasani akiwa na miaka arobaini na tisa, na mazoezi yake ya kwanza akayafanyia nyumbani kwangu.

Ni dada wa marehemu mume wangu, kitinda mimba wa kwao, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Amefanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mikate, kile kile ambako kaka yake alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi. Alianza kwa kupanga mikate kwenye kreti, akahamia kwenye tanuri, akaishia upakiaji. Siku wakubwa wa kiwanda walipotangaza kwamba wanatafuta afisa wa usalama na afya kazini, na kwamba mtu wa ndani angepewa nafasi hiyo iwapo tu angekuwa na stashahada ya kazi hiyo, alinipigia simu.

"Wifi, nimejiandikisha."

"Kwaya?"

"Chuo."

Nimefundisha miaka thelathini na miwili, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na katika ukoo huu nilioolewa mambo ya shule hupitia kwangu kwanza.

"Umenishirikisha lini?"

"Si ndiyo nakushirikisha sasa?"

Baada ya mwezi mmoja akaja Jumamosi asubuhi, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, mkononi ana ubao wenye kibanio cha karatasi. Nilimkaribisha akae. Akabaki amesimama mlangoni.

"Kuna aliyekukataza kukaa?"

"Zulia lako limekunjika hapa, wifi. Mtu akiingia na chai mkononi, anakwenda nayo mpaka ukutani."

"Zulia hilo lina miaka kumi na minane na halijamwangusha mtu."

"Ndivyo wanavyosema wote," akasema, akaandika.

Nikaelezwa utaratibu. Kila hatari hupewa namba mbili, kuanzia moja hadi tano: ya kwanza ni uwezekano wa jambo kutokea, ya pili ni ukubwa wa madhara likitokea. Unazidisha. Akapita chumba hadi chumba akizidisha, mimi nyuma yake kama mwanafunzi aliyeletwa ofisini.

"Kabati la vyombo nimelipa kumi na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini na tano."

Katika shule yangu, mtoto mwenye kumi na mbili kati ya ishirini na tano angeambiwa alete mzazi. "Umelifelisha kabati langu?"

"Sivyo, wifi. Huku alama zikiwa nyingi ndiyo unafeli. Ungepata ishirini na tano ningekutoa nje ya nyumba."

Kigoda ninachopanda kufikia masufuria ya juu kilipata kumi na sita. Alikibeba mwenyewe akakiweka nje ya mlango wa nyuma, kikae huko kama mtuhumiwa. Waya wa birika ukapata tisa. Sebuleni akasimama mbele ya dirisha. Dirisha lile zamani lilikuwa likipigwa na upepo linagonga hadi vioo vinatikisika, na kwa miaka mingi limezuiwa kwa kabari ndogo ya mbao, urefu wa kidole gumba, iliyochongwa vizuri na kulainishwa. Aliisukuma kwa kidole. Haikutikisika.

"Hapa sasa pamedhibitiwa," akasema kwa heshima. "Mbili."

Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri.

Haikupita miezi mitatu watu wakampa jina la Bi Tahadhari. Kiwandani, akitokea upande wa tanuri, waliovaa ndala walikuwa wakikimbilia vyooni. Kwenye harusi ya mpwa wetu aliingia ukumbini akahesabu milango ya kutokea kabla hajawasalimia wakwe, kisha akamwomba mpambaji aondoe maua yaliyoziba mmoja. Nikalazimika kuwaendea wakwe mezani kwao na kuwaeleza kwamba wifi yangu ni mzima kabisa, anasoma tu.

Lakini alisoma. Hilo nalisema mimi niliyeona wanafunzi wa kila namna. Alitoka kazini saa kumi akiwa na unga masikioni, akaingia darasani na vijana waliomwita mama, akatoka na kurasa za maandishi. Kila kazi aliyopewa aliniletea kwanza niipitie. Nilikaa chini ya dirisha la sebuleni na kalamu yangu nyekundu, yeye akakaa upande wa pili wa meza akitafuna kucha.

"Wifi, sentensi hii ina mistari saba," nikamwambia.

"Ni hatari ndefu."

"Ikate. Msomaji wako ataishiwa pumzi, na hiyo nayo ni ajali kazini."

Mwisho wa mwaka wa pili ikaja kazi ya kuhitimu. Kila mwanafunzi achunguze ajali moja iliyowahi kutokea mahali pa kazi, akague mashine, ahoji mtu aliyekuwepo, aeleze ilivyotokea na kilichoisababisha. Asiyefaulu kazi hiyo angerudia mwaka. Na kiwandani walikwisha kumwambia wazi: asipokuwa na stashahada mwishoni mwa mwezi wa sita, nafasi inakwenda kwa mtu wa nje.

Akachagua ajali ya kaka yake.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mume wangu alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukandia unga. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, akafa kwa maradhi mengine kabisa. Habari ya vidole vile kila mtoto wa ukoo wetu anaijua. Mkandaji wa zamu yake alinaswa shati, mkono ukaanza kuvutwa ndani ya sufuria la mashine, na mume wangu akaingiza wake akamchomoa. Ndivyo nilivyoandika katika wasifu uliosomwa siku ya mazishi, na watu walilia hadi viti vya nyuma.

Kwa hiyo wifi aliponiletea rasimu nikaifanyia kazi kwa moyo. Niliongeza neno hapa, nikanyoosha aya pale. Alikuwa ameandika "aliingiza mkono." Nikaweka "bila kujali usalama wake mwenyewe, aliingiza mkono." Tukaipeleka.

Baada ya wiki mbili ikarudi. Mwalimu wake alikuwa ameandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: *Hii ni hotuba ya mazishi, na ni nzuri. Sasa naomba ripoti. Mashine ya aina hii husimama yenyewe kifuniko kikifunguliwa. Ilizungukaje kikiwa wazi? Una wiki tatu.*

"Hotuba ya mazishi," wifi akasoma kwa sauti. Akanitazama. "Amejuaje?"

Nikasema mwalimu huyo hana adabu, nikaenda kuchemsha chai.

Wifi hakukaa kulia. Alikwenda stoo ya kiwanda, ambako mashine ile ya zamani bado ilikuwa imefunikwa turubai, akalala chini na tochi. Siku ya pili akaja kwangu na daftari.

"Angalia, wifi. Pembeni ya kifuniko kuna swichi. Kikifunguka, swichi inaachia na mashine inasimama. Lakini kwenye upenyo wa swichi kuna alama. Chuma kimelika kwa mshazari, kama kitu kilikuwa kikichomekwa na kuchomolewa kila siku. Nimepima." Akanionyesha mchoro: kitu kidogo chenye upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, na mfereji mdogo chini. Akauweka mezani. "Umewahi kukiona kitu kama hiki?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kawaida. Dirisha lilikuwa juu ya bega langu.

"Sijawahi," nikasema.

Sijui ni mara ngapi katika maisha yangu nimemwambia mtoto ainue uso na aseme kweli. Siku ile niliutazama mchoro hadi wifi alipofunga daftari.

Alibaki na shahidi mmoja: mkandaji mwenyewe anayesemekana aliokolewa. Wanamwita Mzee Kipimo, kwa sababu tangu aajiriwe hajawahi kutumia mizani; hutumbukiza mkono kwenye gunia na uzito huwa sawasawa. Alikataa kuhojiwa kiwandani. Akasema atazungumza kwangu, mbele yangu, na siku ya mapumziko yake akaja amevaa koti, akiwa amenyoa ndevu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Karibu. Usijikwae kwenye zulia."

"Mzee," wifi akaanza, kalamu mkononi, "nieleze kwa maneno yako mwenyewe."

Mzee Kipimo akakohoa, akaweka mikono magotini. "Siku hiyo, kama ilivyokuwa desturi yake, marehemu alifika kazini kabla ya jogoo, mwenye moyo wa huruma na mkono wa msaada..."

Nikayatambua maneno. Yalikuwa yangu. Aliyahifadhi tangu mazishini, miaka mitano iliyopita, na wala hakuruka nukta.

"Mzee, shati lilinaswa mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ulikuwa umesimama upande gani wa mashine?"

"Upande wa ukutani."

"Ukisimama ukutani, mkono ulio karibu na sufuria ni wa kushoto."

"Basi wa kushoto." Akapangusa paji la uso. "Mwanangu, wewe umekuja kuhoji au kupima nguo?"

Alinigeukia ili nimsaidie, na hapo macho yake yakapita juu ya bega langu. Akainuka polepole, akasogea hadi dirishani, akainama akaitazama kabari kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini.

"Kumbe unayo, Mwalimu," akasema. "Hii ndiyo ile ya kwetu. Zamu ya asubuhi."

Wifi akaweka kalamu chini. Sikungoja aniulize.

Niliwaambia yote. Hapakuwa na shati lililonaswa. Mume wangu aliniambia mwenyewe siku ya kwanza hospitalini: alikuwa anakwangua unga uliogandia ukingoni, kifuniko wazi, mashine inazunguka, swichi imebanwa kwa kabari aliyoichonga kwa mkono wake. Ofisi ikamletea karatasi iliyosema chanzo ni uzembe wa mfanyakazi, akaitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Alipotoka hospitali aliileta kabari nyumbani. Mimi nikaichomeka dirishani, nikatunga habari nyingine. Nilisema moyoni kwamba neno hilo la uzembe halitaandikwa mara ya pili juu ya mume wangu maadamu mimi ndiye ninayejua kuandika.

"Nilimuunga mkono Mwalimu," akasema Mzee Kipimo taratibu. "Ukinikuta kwenye hadithi nimeokolewa, kosa langu liko wapi?"

Nilitegemea wifi apandishe sauti. Ana haki, nilimdanganya usoni na nusura nimfelishe. Badala yake alifungua mkoba akatoa futi. Akaipima kabari ikiwa palepale, urefu, unene, mfereji wa chini, akalinganisha na mchoro wake.

"Kazi nzuri," akasema. "Kaka alikuwa na mkono wa fundi." Kisha, bila kunitazama: "Na mimi nikaipa mbili. Kwa mdomo wangu."

"Pamedhibitiwa," nikamkumbusha.

"Nyamaza, wifi." Lakini alikuwa karibu kucheka. Halafu akawa hacheki. "Siandiki neno bila ruhusa yako. Ni mumeo kabla hajawa ajali yangu. Ukisema hapana, nitaomba tukio jingine, nirudie mwaka."

"Na nafasi?"

"Ataletwa mtu wa nje."

Nikasema nitafikiri. Mzee Kipimo alikuwa ameketi tena na alionekana mwenye nafuu, kama aliyevua viatu vya kubana, ndipo akasema jambo ambalo nadhani alilichukulia kuwa la kawaida.

"Lakini alichonga tatu. Kila zamu na yake. Ya zamu ya usiku ilipotea."

"Ya tatu je?" wifi akauliza.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Kazini. Mashine mpya, swichi ni ile ile. Jana nimeiacha mahali pake."

Wifi akasimama. "Mzee, vaa koti."

"Leo ni mapumziko yangu."

"Ya kabari siyo."

Nikaenda nao. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuvuka geti la kiwanda kile. Nilimsubiri mume wangu nje, na mwavuli. Wifi akanivisha kofia ya nywele na kizibao chake cha chungwa, akanipitisha nyuma ya mstari wa njano sakafuni, akaniambia nisiguse kitu. Chumba cha kukandia kilikuwa na joto na harufu ya hamira, na sauti nzito inayozunguka. Kifuniko cha mashine kilikuwa wazi. Kando yake alisimama mkandaji wa zamu ya mchana, mwanamke wa umri wa binti yangu, ana pete kidoleni, anaongea na mwenzake wa upande wa pili huku akicheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya sufuria hadi kwenye kiwiko, unakwangua. Mkono wa chuma wa mashine ulipita, akautoa wake. Ukapita, akautoa. Hakuwa hata anautazama.

Wifi alikwenda moja kwa moja kwenye kitufe chekundu. Mashine ikasimama.

"Bi Tahadhari, umetuharibia unga!" akalalamika mkandaji.

"Utakandwa mwingine," wifi akasema. Akachomoa kabari kutoka kwenye swichi, akaibandika kwenye kiganja cha Mzee Kipimo. "Ofisi ikiuliza, hii umeitoa wewe mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Yule mwanamke alikuwa anapangusa unga vidoleni, kimoja kimoja. Nilivihesabu. Sikuweza kujizuia.

Tuliporudi nyumbani nilimwacha wifi mezani, nikaingia chumbani nikatoa sanduku la karatasi. Mimi huhifadhi nakala za kila ninachoandika. Ni tabia ya ofisi, marehemu alinitania nayo hadi mwisho. Kwenye bahasha ya kaki zilikuwemo barua tatu. Zina sahihi yake lakini maneno ni yangu, maana yeye alikuwa mtu wa kuchonga. Ya kwanza inaomba ulimi wa chuma wa kukwangulia ubadilishwe, kwani umelika na unga unagandia ukingoni. Ya pili inakumbusha ile ya kwanza, na kueleza kwamba idadi ya mikate kwa zamu imeongezwa ilhali mashine ikisimamishwa huchukua dakika nne kurudi kwenye mwendo. Ya tatu inakumbusha zote mbili. Tarehe ya hiyo ya tatu ni siku tisa kabla ya ajali. Hakuna iliyojibiwa.

Wifi alizisoma zote, akaanza upya. "Wifi. Tumefundishwa kuuliza kwa nini mara tano. Nilikwama kwenye ya pili, nyumba nzima nikiikagua, nawe umeketi juu ya tatu zilizobaki."

"Hukunikagua mimi."

"Ungepata ishirini na tano."

Nikachomoa kabari dirishani. Ilikuwa imekaza, ikabidi niizungushe. Upepo ukaingia na dirisha likapiga kwa kishindo, wote wawili tukashtuka. Niliiweka juu ya barua.

"Andika," nikamwambia. "Lakini nina masharti. Usimwite 'mfanyakazi fulani'. Andika jina lake lote na cheo chake, msimamizi wa zamu. Andika kwamba aliichonga yeye, na kwamba alichonga tatu. Usimpunguzie. Na barua zifuate hapo hapo, ukurasa huo huo."

"Na uzembe?"

"Neno hilo lina kazi gani hapo?"

"Halina. Mwalimu wetu huwa analifuta."

"Basi ana adabu kidogo," nikasema, nikachukua kalamu nyekundu. Safari hii niligusa nukta tu.

Alifaulu. Mwalimu wake aliandika mstari mmoja: *Hii ndiyo ripoti.* Nafasi akaipata mwezi wa sita, pamoja na ofisi yenye mlango usiofungika sawasawa, ambao aliupa alama kabla ya kukalia kiti. Jambo lake la kwanza lilikuwa kubadilisha ulimi wa chuma wa mashine. La pili, kuhamisha swichi ikae ndani, pasipofikika kwa kabari. Mzee Kipimo anasema sasa unga haugandi na yeye hana la kufanya ila kuzeeka.

Kabari mbili zimewekwa kwenye kisanduku cha kioo ukutani, chumba cha kukandia, ili kila anayeajiriwa aonyeshwe. Wifi alikuja kuniuliza chini yake paandikwe nini. Alikuwa na wazo la kuacha bila jina, kwa kunistahi.

"Paandikwe jina," nikasema. "Kazi safi kama ile ikae ukutani bila jina la fundi? Watu watadhani ni ya Mzee Kipimo."

Jina lipo. Nilikwenda kulihakiki mwenyewe, herufi kwa herufi, nimevaa kofia ya nywele.

Dirishani kwangu nimeweka komeo la chuma, lililofungwa na fundi kwa skrubu nne. Wifi alilikagua Jumamosi iliyopita. Alilitikisa, akarudi nyuma hatua mbili, akalitikisa tena.

"Mbili," akasema.

"Kabari ilipata mbili! Na hili pia mbili?"

"Ile niliipa nikiwa mwanafunzi," akasema, akaruka zulia, akakaa.